Perege wa Mdogo Wangu

Mgeni yeyote akiingia sebuleni kwangu hapa Rau mjini ataangalia tangi la samaki, ataniangalia mimi, halafu atauliza: "Hawa mnawala?" Nikisema hawaliwi, anauliza tena, "Sasa unafugia nini?" Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi nasema nimependa tu, karibu chai. Sisi watu wa mlimani ukituambia unalisha kiumbe kisichotoa maziwa, wala mayai, wala mbolea ya migombani, wala hakibweki mwizi akija, tunakuona una kasoro mahali.

Nilianza kwa sababu ya jino. Pale kwa daktari wa meno walikuwa na tangi la kioo kwenye chumba cha kusubiria, na mimi nilifika nimevimba shavu, nimemgombeza mlinzi, nimemgombeza na dada wa mapokezi. Nikakaa mbele ya wale samaki. Nilipoitwa ndani nilikuwa nimesahau hata ni jino lipi. Mimi nina hasira, sikatai. Mume niliyekuwa naye aliitaja mbele ya wazee wa kanisa kama sababu ya kwanza ya kuniacha, na nilimkatiza kabla hajafika sababu ya pili. Kwa hiyo nikajisemea, kama hawa viumbe wameweza kunituliza mimi, basi nawahitaji nyumbani.

Nikaenda Majengo kwa fundi vioo, akanipimia, akanigundishia tangi refu kama jeneza la mtoto. Aliniuliza kama ni kabati la maandazi. Samaki wenyewe nilinunua kwa mtu anayewatoa Arusha. Alinifungia wa kila aina kwenye mifuko ya nailoni: gapi wadogo wenye mikia ya rangi, enjeli bapa wenye mapezi marefu, taiga wenye mistari myeusi, samaki wa dhahabu wawili, na mmoja mweusi mbaya wa sura ambaye kazi yake ni kulamba kioo. "Wote ni wa maji baridi, mama," akaniambia, "watakaa tu."

Watakaa tu! Kesho yake taiga walikuwa wameshanyofoa mikia ya gapi. Enjeli wakawa wanajibanza pembeni, mapezi yamechanika. Samaki wa dhahabu walikula kila nilichotupa na kuchafua maji kuliko ng'ombe zizini. Nilizika samaki wengi kwenye ua wa nyumba kabla sijaelewa kwamba kuishi maji ya aina moja si kuelewana. Nikasoma kwenye simu, nikauliza, nikawatoa wa dhahabu nikampa jirani mwenye karo la maji uani. Nikajifunza kuacha maji ya bomba yakae kwenye ndoo, dawa iishe nguvu, kabla ya kuyamimina. Mimi ni mshonaji, na mshonaji anajua kufumua na kurudia; lile tangi nililifumua mara nyingi.

Hapo ndipo baba alipokuja, na ndiyo hasa habari ninayotaka kusimulia.

Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye nyumba ya baba. Anapewa nyumba, kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba na ng'ombe, na pamoja na hivyo anapewa wazazi awatunze mpaka mwisho. Tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, na mimi ni mwanamke, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Mama alipofariki, mdogo wangu alichukua nyumba. Baba akahamishiwa jiko la nje, lile la kuni, eti kwa sababu mzee anapenda moto.

Nilipanda mlimani siku moja ya mvua na sukari na mikate yangu. Nikamkuta baba sakafuni karibu na mafiga, kifua kinapiga filimbi, blanketi limelowa. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Wifi yangu alikuwa kwenye kikundi chao cha kina mama, mdogo wangu alikuwa kwenye pombe ya mbege. Sikumsubiri mtu. Nilikodi gari, nikamfunga baba kwa kitenge changu, nikashuka naye mjini. Daktari akasema mapafu yamechoka: asikae tena kwenye moshi wa kuni wala kwenye baridi ya juu, akirudi huko hatamaliza mwaka.

Basi akabaki kwangu. Na niseme wazi nilichokuwa nakitaka, nisije nikajifanya malaika. Nilitaka aishi. Lakini nilitaka na jambo lingine: nilitaka siku moja aseme, kwa mdomo wake, kwamba amekaa kwa mwanawe. Maisha yangu yote nilikuwa mtoto wa kupita, wa kulelewa aende kwa watu. Nilienda kwa watu, watu wakanirudisha, nikajijengea nyumba kwa cherehani. Nilitaka baba aione hiyo nyumba kuwa ni ya mtoto wake.

Mwanzoni aligeuzia tangi kisogo. "Mama," alikuwa ananiita hivyo, kama wazee wanavyowaita binti zao, "umeweka mboga kwenye kioo unaiangalia. Mafuta yamekuishia?" Mimi namwambia, "Baba, kunywa dawa." Lakini sebule ni moja, na mzee hana pa kwenda. Siku nilipotoka kumpelekea mteja sare za shule, nilirudi nikakuta kiti kimegeuzwa.

"Huyu wa mistari ni mkorofi," akaniambia hata kabla sijamwamkia. "Shikamoo baba." "Marahaba. Nasema huyu wa mistari ni mkorofi. Amemfukuza yule bibi harusi mpaka kwenye kona." Bibi harusi ni enjeli. Nikamweleza nilivyosoma, kwamba taiga wakiwa wachache wanasumbua wengine, wakiwa kundi wanashughulikiana wenyewe. Akafikiri. Akasema basi tuwaongeze, tunangoja nini? Tukawaongeza, na kweli, wakawa wanakimbizana wao kwa wao, bibi harusi akatoka kwenye kona.

Tangu hapo likawa tangi letu. Baba ndiye aliyesema samaki wadogo wanataka mahali pa kujificha, maana hata kuku unamwekea tenga. Akakumbuka kisiki cha mkahawa wa zamani niliokuwa nimeukata uani. Tukakichemsha kwenye sufuria kubwa mpaka kikaacha kutoa rangi, tukakizamisha. Gapi wakaanza kuzaa, na vitoto vikawa vinaishi, vimejichomeka kwenye mizizi ile ambako wakubwa hawapiti. Baba alikuwa anavihesabu kwa kidole kwenye kioo, anakosea, anaanza upya, ananiita nije nishuhudie. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikinyamaza, anachukua kikombe chake cha bati, anachota maji na kuyamimina kutoka juu, anachota na kumimina, ili samaki wapate hewa. Ukimwambia apumzike anakwambia, "Na wao wapumzike kupumua?"

Jamani, nilikuwa na furaha. Hasira yangu ilikuwa imekwenda likizo. Wateja wangu walianza kuniuliza kama nimeokoka.

Mwaka mzima mdogo wangu hakukanyaga kwangu. Kisha siku moja ya Jumapili akaja, amevaa suti, amebeba ndoo yenye mfuniko. Haendi mtu kwa mzazi mikono mitupu, hilo tumelelewa nalo, nikafurahi hata kidogo kwamba amekumbuka. Akafunua. Ndani mna perege, mzima, anageuka geuka, ukubwa wa kiganja changu. Alikuwa amechimba bwawa chini ya migomba ya baba, na huyu ndiye wa kwanza kuvuliwa.

Nikaleta kisu na ubao. Baba akainua mkono. "Hapana. Mtie mule." Akaonyesha tangi.

Nikadhani anatania. Nikamwambia, "Baba, huyo ni perege. Anafukua, anakula wenzake, na samaki mgeni lazima akae pembeni kwanza tuone kama ana ugonjwa. Si wewe mwenyewe ulikuwa unaniambia huyu na huyu hawatapatana?"

Mdogo wangu akacheka. "Dada, kumbe samaki wako wana ukabila?"

"Nyamaza wewe," nikamwambia.

"Mama," baba akasema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya mezani. "Kilichotoka nyumbani hakikai kwenye ndoo uani."

Lazima mtu aelewe nyumba tuliyotoka. Kwetu, mtoto akimletea baba kitu, hata kama ni mkungu wa ndizi, haupelekwi jikoni mpaka baba auone na aseme uwekwe wapi. Akishasema, imekwisha. Mama yetu aliishi hivyo, na mimi niliyekuwa nikijitapa kwamba simwogopi mtu, nilisimama na kisu changu mkononi nikamwangalia mdogo wangu akimimina ile ndoo kwenye tangi langu, pamoja na maji ya bwawa lake yenye matope.

Gapi wadogo hawakumaliza wiki. Perege alikwenda moja kwa moja kwenye kisiki, akafukua kokoto chini yake, akafanya shimo lake pale, na yeyote aliyekaribia alikula pigo. Vile vitoto vilivyokuwa vimejificha alivinyonya kimoja kimoja. Enjeli mmoja alikufa, na mwenzake, yule tuliyemwita bibi harusi, akabaki na mapezi kama kamba za viatu. Hata taiga, wakorofi wangu, waliungana kwenye kona moja ya juu na hawakushuka tena. Nikimwaga chakula, anakula yeye, wengine wanasubiri.

"Baba, nimtoe," nilimwambia.

"Mwache. Huoni alivyo na nguvu? Huyu amekulia kwenye maji ya mfereji wetu."

"Anamaliza wenzake."

"Watazoea."

Hakuhesabu tena vitoto, maana havikuwepo. Sasa alikuwa akimtazama perege tu. Kila aliyeingia alionyeshwa: mnaona huyu? Ni wa kwangu, wa shambani, ameletwa na kijana wangu. Mteja aliyekuja kupima gauni akaonyeshwa. Mchungaji akaonyeshwa. Na mimi niliyekuwa namkanda baba miguu, ninayempikia mtori laini usio na mfupa hata mmoja, ninayejua usiku anageukia upande upi ili apumue, nilikuwa namwonea wivu samaki. Ndiyo, wivu. Mtu akicheka na acheke. Nilikuwa nasimama pale na wavu mkononi, baba amesinzia kitini, najiambia mtoe sasa hivi mwehu wewe, na simtoi.

Krismasi ya pili tangu baba aje kwangu ilipokaribia, mdogo wangu akaja tena. Safari hii hakuwa na ndoo. Alikuwa na jani la sale, limefungwa fundo.

Asiye wa kwetu atasema ni jani tu la kwenye uzio wa mpaka. Lakini mtu akikukosea, hata akikukosea kiasi gani, akikuletea jani hilo, humkatalii. Ukimkatalia, kosa linahamia kwako, na ukoo mzima utakutazama wewe. Mdogo wangu alijua anachofanya. Huko juu watu walikuwa wanasema, kanisani na kwenye mbege pia, kwamba mzee wao anatunzwa na binti mjini kama vile hana mtoto wa kiume. Na Krismasi ukoo unarudi wote, kutoka Dar, kutoka Arusha, mbuzi anachinjwa, na kiti cha mwenye nyumba kingekuwa kitupu tena. Angejibu nini?

Akapiga goti hapo sebuleni, mbele ya baba. "Baba, nilikukosea. Naomba urudi nyumbani."

Baba akanyoosha mikono yote miwili akalipokea. Machozi yalikuwa yanamtoka baba yangu, ambaye hata kwenye kaburi la mama sikumwona akilia.

"Nilijua utakuja," akamwambia. "Kila siku nilikuwa nakusubiri."

Kila siku. Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Nililiweka chini.

Kisha hasira ikapanda. Nilimwambia mdogo wangu kila kitu, kwa sauti ambayo majirani walitoka nje: sakafu ya lile jiko, blanketi lililolowa, daktari, mapafu. Nikamwambia, "Na hilo jani mbona hukuniletea na mimi? Mimi niliyemwokota?"

Hakunijibu yeye. Alijibu baba, na hakujibu kwa ubaya, aliuliza kama mtu asiyeelewa kabisa. "Wewe amekukosea nini?"

Nikachuchumaa mbele ya kiti chake.

Nikamwambia, "Baba, daktari alisema ukirudi kule hutamaliza mwaka."

"Mama, umenitunza. Mungu akubariki sana. Nimekaa vizuri ugenini. Lakini siwezi kufia kwa binti."

"Basi ishi kwa binti, baba! Nani kakwambia ufe?"

Akatafuta fimbo yake. Mdogo wangu akambebea begi, mimi nikamvisha koti na soksi mbili mbili, maana huko juu Desemba au si Desemba, jua likizama kuna baridi. Nikamfungia dawa zote, nikamweleza wifi kwa simu ni dawa ipi ya asubuhi na ipi ya jioni, na wifi akawa anaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, kama mtu anayesikiliza redio. Mlangoni baba alisimama. Nikadhani ananigeukia mimi. Akamwambia mdogo wangu, "Yule perege mwache hapa. Bwawani wapo wengine."

Gari lilipoondoka nilichukua wavu. Perege alinisumbua, alipiga mkia nikalowa mpaka kifuani, lakini nilimtoa. Nikampara magamba, nikamkaanga kwa mafuta mengi, nikasonga ugali nikamla peke yangu, kichwa na yote. Hakuwa mtamu hata kidogo, alikuwa na ladha ya tope. Nilimaliza. Kisha nikakaa mbele ya taiga na enjeli aliyechakaa na yule mlamba kioo, wamekaa kona zao zile zile, hawajajua kwamba wamebaki wenyewe, na nikalia mpaka kichwa kikauma.

Nilipanda mlimani Krismasi. Baba alikuwa amekaa kwenye nyumba kubwa, kwenye kiti chake, amevaa kofia mpya, wajukuu wanamzunguka. Alikuwa anang'aa, siwezi kudanganya. Nilipopanda tena baada ya wageni kurudi mijini, alikuwa amerudishwa kwenye lile jiko la kuni. Nilimwomba turudi. Akanipapasa mkono, akaniuliza kama nimekula.

Mvua za masika zilimkuta humo humo, na hakuziona zikiisha.

Msibani nilikaa upande wa wanawake, chini ya turubai, kwenye matope. Mdogo wangu alisimama kusoma historia ya marehemu, yeye ndiye aliyeiandika. Alisoma vizuri, ana sauti nzuri. Alisoma kuzaliwa kwa baba, kubatizwa, ndoa, kahawa aliyoipanda, uzee wa kanisa alioutumikia. Kisha akasoma: "Katika uzee wake, marehemu alitunzwa na mwanawe wa mwisho, nyumbani kwake. Aliwahi kwenda mjini kwa matibabu, akarejea."

Nikasimama. Sikupanga kusimama.

"Miaka miwili," nikasema. "Baba alikaa kwangu miaka miwili."

Watu wakageuka. Wifi akanivuta kanga. "Dada, kaa. Watu wanatuangalia." Mchungaji akainamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake. Yule mchungaji alishakunywa chai kwangu mara ngapi, baba akiwa kitini pembeni yake. Nikamtazama aseme kitu.

Mdogo wangu alisubiri mpaka nikakaa. Kisha akaendelea kusoma, kuanzia pale alipokuwa ameishia.